Picha ya mama wa Uyole

Nimeadimika kidogo hapa kijiweni, wadau, mniwie radhi. Nilikuwa na kesi ya kujibu. Si ya mahakamani, ingawa ilikaribia.

Mimi na mwandishi mwenzangu aliyeko Iringa tuna tovuti ya pembeni tunakoweka bei za mazao na habari za masoko ambazo gazeti halina nafasi nazo. Mimi nashika Mbeya, yeye Iringa. Tunatumia Django, na kwangu kulikuwa na sababu ya kimoyomoyo: Django ilizaliwa gazetini. Adrian Holovaty na Simon Willison walianza kuiunda mwaka 2003 wakiwa watengeneza tovuti wa gazeti la Lawrence Journal-World, Kansas, Marekani. Mwaka 2005 ikatolewa bure kwa kila mtu. Yaani chombo cha watu wanaoijua presha ya kufunga ukurasa. Nani angekataa?

Tukagawana kazi kama ndugu wanaogawana shamba. Ndani ya mradi mmoja tukaweka programu mbili, moja inaitwa mbeya, nyingine iringa, kila moja na folda yake ya static. Humo hukaa mafaili tuli: nembo, rangi na mpangilio wa kurasa, Javaskripti, vitu visivyobadilika awe anafungua nani. Kwa uvivu wetu tukatupia humo humo hata picha za habari.

Sasa sikiliza. Tovuti ikiwa tayari kwenda hewani kuna amri moja, collectstatic, inayozoa mafaili ya static kutoka kila programu na kuyamwaga katika folda moja ambayo seva husomea. Folda moja! Mimi nilikuwa na picha ya mama muuza viazi wa Uyole, nimeiita mfanyabiashara.jpg. Mwenzangu, zaidi ya kilomita 300 kutoka nilipo, alikuwa na picha ya muuza pembejeo anayetuhumiwa kuuza mbolea feki. Akaiita nini? mfanyabiashara.jpg. Django ikikuta majina mawili yanayofanana huchukua faili la kwanza, kwa kufuata mpangilio wa programu kwenye INSTALLED_APPS. La pili linaachwa. Programu ya mbeya ndiyo iliyotangulia. Onyo ilitoa, tena kwa maandishi, lakini nani anasoma onyo saa sita usiku umeme ukichezacheza?

Asubuhi simu ikaita.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hebu niambie, sura yangu inafanya nini kwenye habari ya mbolea feki?"

Baridi ya Juni ya Mbeya mnaijua. Mimi jasho lilinitoka.

Nilibadilisha picha ndani ya dakika kumi. Haikusaidia. Wateja wake waliokwisha kuufungua ule ukurasa waliendelea kumwona yeye, kwa kuwa brauza za simu zao zilishahifadhi picha ya kwanza, na jina la faili lilikuwa lile lile. Simu iombe tena kitu ilichonacho ili iweje? Ikabidi niende Uyole mwenyewe, nizunguke naye meza kwa meza nikieleza. Jaribuni siku moja kumweleza muuza viazi habari za kumbukumbu ya brauza. Mzee mmoja akaniuliza, "Kwa hiyo mashine ndiyo iliyoandika?" Gazetini huwa tunasingizia kiwanda cha uchapaji. Hapa kiwanda nilikuwa mimi.

Usiku huo tulikesha kwenye simu na mwenzangu. Kila folda ya static tukaipa ndani yake folda nyingine yenye jina la programu: mbeya/static/mbeya, iringa/static/iringa. Ukiitazama ni kama kigugumizi, lakini mafaili yakizolewa kila moja linabaki na ukoo wake. Vya pamoja, yaani nembo na CSS ya tovuti nzima, vikahamia folda moja iliyo juu ya programu zote, tukaitaja kwenye STATICFILES_DIRS, na hakuna anayeigusa bila kumwambia mwenzake.

Picha za habari zikatoka static kabisa. Sasa tunazipakia kwa fomu, zinakaa media, ambako Django ikikuta jina limeshatumika huongeza herufi za kubahatisha mwishoni mwake. Utaratibu wa kutenga static na media ulikuja na toleo la 1.3, mwaka 2011. Sisi ndio tuliozichanganya tena. Mwisho tukawasha ManifestStaticFilesStorage, inayobandika kwenye jina la faili alama itokanayo na yaliyomo ndani yake. Faili likibadilika na jina linabadilika, simu itake isitake itachukua jipya.

Mwenzangu alitaka masahihisho yakae chini ya ukurasa kwa herufi ndogo, kama tulivyozoea. Nilikataa, tukabishana hadi salio likaisha. Yako juu kabisa, kabla ya kichwa cha habari.

Mama alisomewa na binti yake. Akanipigia nije nimpige picha nyingine, safari hii akiwa na kitenge kipya na si ile kanga ya kazini. Nimempiga Jumamosi. Kabla sijaipakia nikampigia mwenzangu Iringa kumuuliza kama ana faili la jina hilo, ingawa haina haja tena.