Ndoo, Mwanangu

Mtembezi hula miguu yake, walinena wahenga, nasi tulipofunga safari ya Lamu Desemba 2022 tulikuwa radhi kuila hata ikitoka malengelenge. Tulikuwa watano: baba, mama, kaka yangu, kitindamimba wetu wa miaka minane na mimi. Sisi ni watu wa Kitale. Bahari tuliijua kwa picha na kwa fasihi. Tulilala Mombasa, tukaabiri basi alfajiri hadi Mokowe, kisha boti ikatuvusha hadi Amu tukiwa na vumbi utadhani tumetoka kupura mahindi.

Ukifika Amu, ndugu msomaji, haraka hukutoka mwilini yenyewe. Vichochoro vya mji huo mkongwe, ulioingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka wa 2001, ni vyembamba mno kwa gari. Punda ndiye mwenye njia, na binadamu humpisha. Baba, ambaye nyumbani hutembea kana kwamba anakimbia wadeni, siku ya pili tulimkuta barazani amekaa kitako, akinywa kahawa chungu na wazee asiowajua hata kwa majina. Siku ya tatu tulikwenda Shela kwa miguu, tukaoga katika ufuo ule unaonyooka kwa takriban kilomita 12. Ufuo huo umekwisha kusifiwa na wengi, sitauongezea sifa. Langu lilikuwa katika nyumba tuliyopanga, mtaa wa Langoni.

Bibi mwenye nyumba alikuwa akioka mkate wa mofa. "Ndoo, mwanangu," akamwita mdogo wetu. Mtoto alitoka mbio, akarudi na ndoo tupu ya bafuni! Bibi alicheka hadi akajishika mbavu. Katika Kiamu, "ndoo" ni njoo. Njia ni "ndia", macho ni "mato", jana ni "yana". Darasani maneno hayo huyakuta katika tenzi, yakiwa na maelezo chini ya ukurasa kama mifupa ya makumbusho. Hapa yalikuwa yakitoka jikoni pamoja na moshi. Nikamkumbuka Mwana Kupona, aliyemtungia bintiye utenzi wa wasia mwaka wa 1858. Kumbe hakwenda mbali kuyatafuta maneno yake. Alisema na mwanawe kwa lugha ya nyumbani.

Jioni hiyo mjukuu wa bibi, mvulana wa gredi ya tano, alisikia kwamba mama amefundisha Kiswahili kwa miaka 26, akamletea daftari lake la insha. "Ndia" ilikuwa imezungushiwa wino mwekundu. "Mato" vilevile. Pembeni mwalimu ameandika: Jifunze Kiswahili.

Mama alilisoma daftari lile kwa muda mrefu kuliko urefu wa insha yenyewe.

Naelewa tulifikaje hapo. Mkutano wa Mombasa wa 1928 uliteua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na kamati ya lugha ya mwaka wa 1930 ikaanza kazi ya kukisanifisha. Kimvita na Kiamu, pamoja na hazina yao yote ya ushairi, zikabaki pembeni. Silalamiki. Bila usanifu, mimi wa Kitale ningeandikia nani ukurasa huu? Hata hivyo, ni jambo zito mtoto wa Amu kuambiwa akajifunze Kiswahili, hali sisi tunaoambiwa tunakijua tunapata shahada kwa kuchambua usemi wa nyanya zake.

"Mtihani ni mtihani, mwalimu," baba akasema kutoka barazani. Hakukosea, maana mtoto yule atasahihishwa na watu wasiowahi kuvuka Mokowe.

Mama alichukua kalamu ya risasi. Kando ya kila duara jekundu aliandika neno sanifu, na chini yake, kwa herufi ndogo, "Kiamu". Kisha akamwambia, "Mtihani uandikie njia. Ukiwa na bibi, pita ndia yako."

Mvulana akafikiri. "Kwani mwalimu, Kiswahili ni viwili?"

Mama alimtazama bibi, bibi akamtazama mama. Mkate wa mofa ulikuwa umeiva, na kitindamimba wetu, aliyeitwa tena, safari hii alikuja mikono mitupu.