Kutoka kwa Paulo hadi kwa Plato

Mwishoni mwa miaka ya 1990, kijana mmoja wa Kigogo aliingia chuo cha teolojia nje kidogo ya mji wa Dodoma, akakuta Kigiriki kinamsubiri. Kilikuwa Kigiriki cha Agano Jipya, nacho kilifundishwa kwa shabaha moja: mhubiri aweze kumsoma Luka na Paulo kabla ya kupanda mimbarini. Vitenzi vilikaririwa asubuhi, jua likiwa bado halijakaza. Plato hakutajwa.

Aliyemfungulia njia ni Luka mwenyewe. Katika Matendo ya Mitume, sura ya 17, Paulo yuko Athene akijadiliana na Waepikureo na Wastoiki, na katika mstari wa 28 anawakumbusha maneno ya washairi wao. Kijana akataka kujua wanafalsafa hao walifundisha nini hasa. Maktabani alipata muhtasari wa Kiingereza tu.

Mwaka 2007 Dodoma ilipata vyuo vikuu viwili kwa mpigo: Chuo Kikuu cha Dodoma, kule Chimwaga, na Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana, katika majengo ya iliyokuwa sekondari ya Mazengo. Falsafa ikawa somo la shahada Chimwaga. Hata hivyo, pande mbili hazikukutana: waliojua Kigiriki walimsoma Paulo, na waliomsoma Plato walimsoma kwa Kiingereza.

Simu ndiyo iliyowakutanisha. Maktaba ya mtandaoni ya Perseus, ya Chuo Kikuu cha Tufts huko Marekani, inatoa bure maandishi ya Kigiriki. Ukibonyeza neno, unapata maana yake na umbo lake kisarufi. Kijana yule, sasa mchungaji, alianza na kitabu cha Plato, Utetezi wa Socrates. Sentensi zilikuwa ndefu kuliko za Marko, zimejaa vijineno ambavyo Agano Jipya huvitumia kwa nadra. Lakini mzee wa miaka 70 aliyemkuta humo anaiambia mahakama kwamba atasema kama alivyozoea kusema sokoni, wamvumilie kama mgeni mwenye lahaja yake. Mgogo aliyesomea kwa Kiingereza alimwelewa upesi.

Siku hizi husoma pamoja na wanafunzi wachache wa falsafa, nusu ukurasa kwa kikao. Matoleo yao hayafanani, ila namba za pambizoni, zilizotokana na chapa ya Geneva ya 1578, huwaweka mstari mmoja. Walipofika 21c, Socrates anamhoji mwanasiasa anayejiona mwenye hekima, kisha anaondoka akiwa amechukiwa. Katika mji wenye Bunge, sarufi iliahirishwa hadi kikao kilichofuata.