Maji ya injini yalikuwa yanakwenda wapi?

Boti ya mjomba wangu ilikuwa inakunywa lita moja ya kulanti kila baada ya siku tatu, na hakuna aliyejua inakwenda wapi. Ni boti ya faiba ya zamani, yenye injini ya dizeli ya ndani. Huegeshwa upande wa Feri, na ndiyo inayolisha nyumba ya mjomba pale Kariakoo: mkewe, watoto wawili wa sekondari, binamu yangu mkubwa anayeiendesha na mwanawe wa miaka mitatu.

Kijiweni kila mtu alikuwa na jibu. Wengi walisema gasketi ya silinda hedi imekufa, injini yote ifunguliwe. Mmoja alimshauri auze tu, na kwa bei ya kufungua injini, mjomba alianza kumsikiliza. Binamu alikuwa ameshazoea: mshale wa joto ukipanda, anafungua mfuniko na kumimina maji, safari inaendelea. Mzazi mwenzangu, kama una mtoto anayekwenda baharini usiku na injini ya namna hiyo, unajua mama yake analalaje.

Fundi aliyekuja kutoka Gerezani alikuwa mzee wa maneno machache. Kabla ya kugusa spana aliuliza, "Mnaongeza kiasi gani, baada ya saa ngapi za kutembea?" Katika kazi yangu ya habari za afya nimesimama wodini mara nyingi nikimwangalia nesi akijaza karatasi ya maji yanayoingia kwa mgonjwa na yanayotoka. Swali ni lile lile.

Alitaka injini iwe imepoa kabisa. Mfuniko wa kulanti hushikilia presha, kwa hiyo maji ya ndani hupita nyuzi 100 bila kuchemka; ukifungua yakiwa ya moto yanaruka usoni. Alimtazama binamu bila kusema kitu. (Nami niongeze la kwangu: aliyeungua amwagiliwe maji safi ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20. Dawa ya meno ibaki kwenye mswaki.)

Kwanza alichomoa kijiti cha oili. Maji yakiingia kwenye oili, rangi hubadilika ikawa kama chai ya maziwa. Ile ilikuwa nyeusi ya kawaida. Akawasha injini kwa muda mfupi, mfuniko ukiwa wazi, akatazama kama kuna mapovu yanayotoka mfululizo, dalili ya gesi ya silinda kupenya gasketi. Hakuna. Alipapasa mipira yote na vibano vyake, akamulika tundu dogo chini ya wota pampu, mahali ambapo sili ikichoka hudondosha na kuacha ukoko. Pakavu. Hata maji ya ngama hayakuwa na rangi ya kijani.

Ndipo akafunga kipampu cha mkono chenye saa ya presha mahali pa mfuniko, akapampu hadi kipimo kilichoandikwa kwenye mfuniko wenyewe. Tukakaa. Mshale ukaanza kushuka polepole, na nje hakuna hata tone.

"Basi inatokea ndani," akasema.

Injini kama ile haina rejeta ya kupigwa na upepo. Ina kipoza chenye mirija mingi myembamba ya shaba: maji ya bahari hupita ndani ya mirija, kulanti huizunguka kwa nje. Fundi alifunga koki ya maji ya bahari, akafungua vifuniko vya kipoza vya pande zote mbili, akapampu tena. Baada ya dakika chache tone la kijani likachungulia kwenye mdomo wa mrija mmoja. Kumbe kulanti ilikuwa inasukumwa ndani ya maji ya bahari na kutoka nayo kwenye ekzosi, ndiyo maana ngama ilibaki safi. Kipande cha zinki, ambacho huwekwa ili chumvi ikile chenyewe badala ya shaba, kilikuwa kimebaki kishina.

Mrija mmoja kati ya mingi unaweza kuzibwa kwa kizibo cha shaba kila upande, na kipoza kikaendelea kufanya kazi. Ndivyo alivyofanya. Ingeoza mitatu minne, alisema, angetaka kipoza kingine. Mimi na binamu tulitumwa Kariakoo kununua zinki, oringi mbili na kulanti. Oringi usizinunue kwa kukadiria kwa macho. Peleka ya zamani mkononi.

Kulanti tuliyouziwa ilikuwa kwenye chupa ya maji ya kunywa, ya kijani kibichi, haina lebo. Nilimwambia muuzaji sitaki, nikaenda duka jingine kununua yenye galoni yake. Binamu alinuna kwa sababu ya bei. Jioni, nyumbani kwa mjomba, nikakuta chupa ya aina ile ile, nusu imejaa, chini ya meza ya jikoni. Mjukuu ameikumbatia. "Juisi ya babu," akaniambia.

Mfuniko haukuwa umefunguliwa. Kulanti nyingi hutengenezwa kwa ethilini glaikoli, na ina ladha tamu. Mtoto akiinywa huonekana kama mlevi: anayumba, anatapika, anasinzia. Anaweza hata kuonekana amepata nafuu, huku ini likiigeuza kuwa asidi zinazoharibu figo. Usimtapishe. Mkimbize hospitali pamoja na chupa yenyewe, hata kama hajaanza kuumwa, kwa sababu matibabu hufaa zaidi yakianza mapema.

Mke wa mjomba aliichukua ile chupa, akamgeukia mumewe: "Baba Asha, hii hailali humu tena."

Kesho yake fundi alifunga kipoza, akajaza mchanganyiko wa kulanti na maji safi nusu kwa nusu, akatoa hewa, akapampu presha. Mshale ulitulia dakika 20. Boti imetembea wiki tatu sasa na binamu hajaongeza kitu. Galoni iko botini, kwenye sanduku lenye kufuli, na ufunguo anao mke wa mjomba.