Kabla Hujawatukana, Muulize Babu Yako

Binamu yangu anasoma Iowa, Marekani. Januari alinitumia video: theluji hadi magotini, babu, baba na kijana mdogo wamesimama kando ya pikapu. Mbwa wao wana kola za GPS na mzee anawafuata kwa skrini. Wanawinda koyote, mnyama kama mbweha wetu ila ni mkubwa kidogo.

Akanieleza kwamba wanangoja baridi kwa sababu nyayo zinaonekana vizuri kwa theluji, na manyoya huwa mazito. Sheria ya huko inaruhusu, na wafugaji wanalia koyote wanakula wana-kondoo. Kijana anafunzwa kusikiza sauti za mbwa, vile babu yake alifunzwa.

Mimi nikajibu mbio: "Huo ni ushenzi, msiuite mila."

Wikendi nikiwa ushago Kitui, nikamwonyesha babu hiyo video nikijua atanipa tano. Akaweka simu sikioni, akafunga macho. "Huyo wa mbele amepoteza harufu," akasema. Na kweli, sekunde chache baadaye mbwa wakaanza kuzunguka-zunguka.

Manze, nilishtuka. Miaka yote hiyo, babu hajawahi kutaja uwindaji.

Kumbe akiwa mdogo alikuwa akifuata baba yake na mbwa watatu, wakitafuta digidigi wa kula nyumbani. Siku moja mzee akashikwa. Hakuwa na leseni, akafungwa. "Hata hilo neno lako, ushenzi," babu akaniambia, "ndilo walimwambia kortini."

Nilitamani ardhi inimeze.

Na ujue, masetla walileta mbwa wa kuwinda kutoka Uingereza, wakafukuza mbweha hapa hapa Kenya, kujifurahisha tu. Wao waliitwa wanamichezo, babu yangu mkubwa akaitwa jangili.

Msinielewe vibaya. Marufuku ya uwindaji ya 1977 naiunga mkono, bila hiyo sijui tungebaki na wanyama gani. Na bado sipendi kuona mnyama akikimbizwa mpaka aishiwe na pumzi, iwe Iowa au Kitui. "Tumefanya hivi tangu zamani" si jibu. Lakini familia moja inatundika picha ukutani, nyingine inaficha ujuzi wake kwa aibu zaidi ya miaka 60. Hiyo ndiyo inaniuma.

Kesho yake asubuhi babu alinipeleka mtoni, kwa mchanga mkavu. Hakuna mbwa, hakuna mshale. Akainama na fimbo yake. "Huyu alipita usiku. Ona mguu wa nyuma, anachechemea." Mimi nilikuwa naona mashimo tu. Akanionyesha tena, pole pole, mpaka nikaona.

Ile meseji nimeifuta. Nimemwandikia binamu: "Mwambie huyo dogo amsikize sana babu yake."