Mzunguko wa Njombe kwa Baiskeli, na Sharti la Mama Watoto

Ramani imekuwa juu ya meza yetu hapa Makambako kwa majuma matatu, na mama watoto ameshakula chakula cha jioni pembeni yake mara nyingi bila kuikubali. Mwanangu amemaliza kidato cha sita, anasubiri matokeo, na anataka tuizunguke nchi ya vilima kwa baiskeli kabla hajaondoka nyumbani. Nami nina umri wa miaka hamsini na miwili, na baiskeli ya mtumba yenye gia ambazo mbili kati yake hazishiki.

Mzunguko wenyewe ni rahisi kuueleza. Kutoka Makambako barabara ya Songea hupanda kusini kupitia Mtwango na Kibena hadi Njombe mjini, takriban kilomita 60 za lami. Njombe, katika eneo liitwalo Ramadhani, huanza barabara nyingine inayoteremka kupitia Igwachanya, makao makuu ya Wilaya ya Wanging'ombe, hadi Iyayi kwenye barabara kuu ya Mbeya. Hiyo ni zaidi ya kilomita 70, na nilipoipita mara ya mwisho sehemu yake kubwa ilikuwa ya vumbi. Kutoka Iyayi barabara kuu hurudi mashariki hadi Makambako, na hapo duara hufungika.

Wapanda baiskeli wa Ulaya hufunga safari kwenda Ufaransa kuupanda mlima uitwao Mont Ventoux, usio mbali na Bahari ya Kati, ambao kilele chake kina kimo cha mita zipatazo 1,900. Wanaufika wakitweta, wanapiga picha, wanateremka. Mtu wa Njombe ananunua viazi sokoni akiwa katika kimo kama hicho, wala hapigi picha. Lakini mapafu hayadanganyiki: katika kimo hicho hewa ni nyepesi kwa takriban moja ya tano kuliko ya Tanga au Kilwa, na mgeni wa pwani atakayeanza kwa pupa atashuka na kuisukuma baiskeli kabla hajaviona vizuri vilima vyenyewe. Ugumu hautokani na mlima mmoja. Ni kupanda na kushuka, kupanda na kushuka, kati ya misitu ya misonobari na miwati na mashamba ya chai, na kila bonde linakunyang'anya kimo ulichokichuma.

Haya yote mama watoto anayajua. Linalomzuia si vilima, bali ni barabara kuu. Mdogo wangu aligongwa na lori katika barabara hiyo akiwa juu ya baiskeli, na tangu siku hiyo anatembea kwa kuchechemea. Barabara hiyo hubeba malori ya Zambia na Kongo pamoja na mabasi ya mikoani, na dereva aliyekesha usiku kucha hamwoni mtu mwembamba aliyeinama juu ya usukani. "Nendeni Njombe mrudi njia ileile," akasema. "Duara ni la nini?"

Sikuwa na jibu zuri. Mwanangu alikuwa nalo, akaligeuza duara.

Mpango wangu wa kwanza ulikuwa kupanda Njombe siku ya kwanza, kisha kushuka Igwachanya na kumalizia na barabara kuu. Kijana akauliza: je, tukianza na barabara kuu? Nikaitazama ramani upya nikaona aibu. Kutoka Makambako kwenda Iyayi nchi inateremka kuelekea Usangu. Kwa hiyo tungekaa muda mfupi kando ya malori, tena tukiwa na nguvu na macho ya asubuhi. Upepo wa kiangazi huvuma kutoka kusini-mashariki, ukatusukuma badala ya kutupiga usoni. Katika mpango wangu sehemu hiyo ingekuwa mwinuko, jioni ya siku ya pili, upepo usoni na miguu imekufa. Mtu aliyechoka huyumba, na kuyumba kando ya semi-trela ndiko kulikompata mdogo wangu.

Gharama yake ni kwamba ule mpando wa vumbi, Iyayi hadi Njombe, unaangukia siku ya kwanza. Mwezi Juni hapa jua huchomoza karibu saa moja asubuhi na kuzama saa kumi na mbili na nusu jioni. Tutaswali Alfajiri nyumbani na kusubiri mwanga kamili. Adhuhuri tunatarajia ituingie karibu na Igwachanya, nasi tutapumzika hapo muda mrefu. Ikifika saa tisa alasiri bado tuko mbali, tutapakia baiskeli kwenye gari la abiria bila ubishi. Hilo ni sharti la mama watoto, na limeandikwa kwa mkono wake pembeni mwa ramani. Suala la kupunguza swala tumemwachia imamu wetu.

Mizigo ni michache: mipira ya ndani minne, viraka, pampu, breki mpya, na masweta, kwani usiku wa Njombe mwezi huu hauna huruma. Chakula chetu ni mayai ya kuchemsha, viazi na maparachichi, kwa kuwa si kila mgahawa njiani utajua nyama yake imechinjwa na nani. Na kijana nimemwonya juu ya ulanzi. Watu wa huku ni wakarimu, nao unapogemwa ni mtamu kama sharubati, lakini kileo ni kileo. Akipewa kikombe aulize kwanza, na akikataa akatae kwa adabu.

Jana mdogo wangu alikuja na kioo cha pikipiki. Fundi akakifunga upande wa kulia wa usukani wa mwanangu, upande yanakopita magari. Mama watoto alikaa juu ya kiti cha baiskeli, akakielekeza kioo mpaka akaiona barabara yote nyuma yake, kisha akamwambia fundi akaze skrubu zaidi.

Tunaondoka Jumamosi.