Ndege, Kioo na Baba Mwenye Nyumba

Wadau, leo naomba tuipumzishe siasa kidogo. Nataka kuongelea ndege. Sio ndege ya kwenda Mwanza, la hasha, ni ndege mwenye manyoya.

Mama yangu mdogo anahamia Dodoma, na anataka niwachukue cherero wake wawili, wale kasuku wadogo wa kijani wenye kichwa cha rangi ya chungwa na mdomo mwekundu. Nimemwambia sawa, ila anipe mwezi mmoja. Akashangaa. "Mwezi mzima wa nini, mwanangu? Si unatundika tundu tu?"

Hapo ndipo penye kazi. Mimi ni mpangaji wa chumba na sebule hapa Dar. Dirisha la sebuleni ni la kioo, na mbele yake, kama hatua moja hivi, kuna ukuta wa jirani. Saa sita mchana nawasha taa. Na hata jua likipenya kidogo, kioo cha kawaida huzuia ile mionzi inayousaidia mwili kutengeneza vitamini D. Bila vitamini hiyo ndege anaweza kula vizuri kabisa na bado kalsiamu isimsaidie: mifupa inalegea, na jike anaweza kukwama na yai akafa. Kwa hiyo kuwaweka nyuma ya kioo ukadhani umewapa jua ni kujidanganya.

Taa nayo ina mambo yake. Zile tyubu ndefu za zamani huwaka na kufifia mara 100 kwa sekunde. Mimi na wewe hatuoni kitu, lakini baadhi ya ndege wana macho ya kasi kiasi hicho. Fikiria kukaa siku nzima chini ya taa inayopepesa! Halafu kuna usingizi. Huku kwetu karibu na ikweta usiku ni kama saa 12, na ndege anahitaji giza la saa 10 hadi 12. Mimi mwandishi nagonga kibodi mpaka saa saba za usiku. Kwa hiyo tundu litakaa chumbani, pazia zito litashuka saa moja jioni, nami nitabaki na stori zangu sebuleni.

Jikoni ndiko kunaniogopesha zaidi. Mapafu ya ndege hufyonza hewa kwa ufanisi kuliko yetu, ndiyo maana wachimba makaa wa Uingereza walishuka mgodini na ndege wadogo kupima hewa ya sumu, hadi utaratibu huo ulipoanza kuondolewa mwaka 1986. Kikaango kile kisichogandisha chakula, ukikisahau kwenye moto kikiwa kitupu, hutoa hewa inayoua ndege kwa dakika chache. Jiko la mkaa ndani, dawa ya mbu ya kupuliza, ile ya kuchoma, hata udi: vyote marufuku karibu nao. Pangaboi linazimwa kabla tundu halijafunguliwa. Ndoo ya maji inafunikwa. Parachichi nakula peke yangu, kwao ni sumu.

Ukiwatoa nje asubuhi waote jua, nusu ya tundu iwe kivulini, na usiondoke. Kunguru wa Dar mnawajua wenyewe.

Nikaenda kwa baba mwenye nyumba. Niliomba dirisha la chumbani, ambalo linatazama uani, liwekwe wavu wa chuma ili niweze kufungua kioo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Yaani unataka kugusa dirisha langu kwa ajili ya ndege?"

Nikamweleza habari ya jua. Akanyamaza, kisha akasema: "Nimepangisha watu wenye watoto wachanga humu. Hakuna aliyewahi kuniomba mwanga."

Ndugu msomaji, kauli hiyo imeninyima usingizi. Mtoto mchanga naye anahitaji jua lile lile. Tunajenga ukuta kwa ukuta, tunapanga, tunalipa kodi ya miezi sita, tunawasha taa mchana na kuona ndivyo mji ulivyo. Imebidi waje cherero ndio niulize dirisha langu linafanya kazi gani.

Mzee amekubali, kwa gharama zangu. Fundi anakuja Jumamosi.

Kuna rafiki kaniuliza, kwa nini usiwaachie tu waruke? Asili ya cherero hawa ni kaskazini mwa Tanzania, kule Serengeti na kusini mwa Ziwa Victoria. Hawa wawili wamezaliwa tunduni. Kuwafungulia Dar ni kuwapa kunguru kitoweo. Kule Naivasha, Kenya, cherero waliotoroka wamezaana na jamii nyingine hadi kupata machotara. Na yule kijana anayekuletea ndege wa porini kwenye boksi, usimuungishe. Kukamata wanyamapori bila kibali ni kosa, na kila ukinunua mmoja unamtuma akamate mwingine.

Kama na wewe unawaza kufuga, fanya jaribio dogo kwanza. Siku ya mapumziko, saa sita mchana, zima taa zote, kaa pale unapotaka kuweka tundu, fungua gazeti. Ukishindwa kusoma, usinunue ndege. Na ukimaliza hapo, jiulize wewe mwenyewe unaishije humo.