Mjomba Wake Birju Alikuwa Wapi?

Watu wakizungumzia majumba makubwa ya sinema ya Tanzania hutaja Majestic ya Unguja, hutaja Empire, Avalon na Odeon za Dar es Salaam, na wenye umri wangu hawakosi kuitaja Drive-In ya Msasani iliyofunguliwa 1966, pale ulipo ubalozi wa Marekani leo. Morogoro hutajwa kwa dansi. Ni haki yake, maana mji uliotoa Cuban Marimba ya Salum Abdallah na Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe utatajwaje kwa jambo jingine kwanza? Lakini nasi tulikuwa na Shan, na kwa mtoto aliyezaliwa Towelo, juu kule mlimani, Shan lilikuwa jumba kubwa kuliko yote aliyoyajua.

Mjomba wangu alifanya kazi stesheni, kwenye ghala la mizigo. Kwetu Waluguru mjomba si ndugu wa kutembelewa sikukuu. Ndiye mwenye sauti juu yako, ndiye anayesimama kwenye ndoa yako, na mali ya ukoo hupita kwake kuja kwako kwa sababu mama yako ni dada yake. Kwa hiyo mama alipoamua nishuke mjini kusoma, mwanzoni mwa miaka ya 70, hapakuwa na mjadala wa nitakaa wapi. Nilihamia chumbani kwa mjomba, Mji Mpya. Filamu wakati ule, nyingi za Kihindi, zilikuja kwa treni kutoka Dar, zimefungwa ndani ya masanduku ya bati, na mjomba aliyapokea kwa mikono yake. Alijua picha inayokuja kabla bango halijabandikwa. Akirudi jioni alivua viatu, akakaa kitandani, akasema, "Haya mpwa wangu, Dharmendra ameshuka leo." Kesho yake shuleni nilisikilizwa kuliko mwalimu.

Siku yenyewe ya sinema ilikuwa Jumapili. Wakata mkonge wa Tungi na Kingolwira walikuja wamevaa shati lile moja safi. Walikuja makarani wa boma, askari, wanafunzi wa kilimo, akina mama waliomaliza kuuza ndizi sokoni. Familia za Kihindi zilikuja nzima, kuanzia bibi hadi mtoto wa mwezi, akina mama na sari zao na chupa za chai. Nje kulikuwa na karanga kwenye vikoni vya karatasi, mihogo ya kukaanga yenye pilipili, na walanguzi waliokwisha kununua tiketi tangu asubuhi. Mlangoni palikuwa na msukumano ambao sasa nikiufikiria nashangaa hatukuvunjika mbavu. Wenye hela walikaa nyuma, sisi wengine mbele, shingo tumeinua. Kilichowatenga watu ni bei ya tiketi. Taa zikizimwa, mkulima wa Mgeta na mwenye duka la vitambaa walikuwa wakitazama uso uleule.

Hatukujua Kihindi, na hilo halikutuzuia. Kila safu ilikuwa na mtu aliyeishi na Wahindi, mpishi au dobi, ambaye alieleza kwa sauti nini kinasemwa, miaka mingi kabla ya Lufufu kuanza kutafsiri kwenye kanda za video. Nyimbo zilikuwa rahisi zaidi. Wiki mbili baada ya picha kuondoka, ungesikia sauti ya Lata Mangeshkar ikiigwa na wasichana waliokuwa wakichota maji mtoni, maneno hayaeleweki lakini lahani imekaa sawasawa.

Picha iliyonikaa zaidi ni Mother India. Mehboob Khan aliitengeneza 1957, na ilikuwa ikirudishwa mara kwa mara mijini kwetu kwa miaka mingi, kwa sababu haikukosa watu. Mjomba aliamua mama na bibi lazima waione. Bibi hakuwahi kuingia kwenye jumba lile. Alishuka Towelo alfajiri na mkungu wa ndizi kichwani, akauza, akanawa miguu bombani, akafunga kanga mpya, tukaenda.

Kwa wasioijua, habari yenyewe ni hii. Radha, aliyeigizwa na Nargis, ameolewa kijijini. Mkopesha fedha, Sukhilala, amewafunga kwa deni na anachukua robo tatu ya mavuno yao mwaka hadi mwaka. Mume anapoteza mikono yote miwili, kisha anaondoka asirudi. Yanakuja mafuriko. Radha anajifunga jembe mabegani analima yeye mwenyewe, na wanawe wawili. Mdogo, Birju, anakua na hasira ya deni lile, anakuwa jambazi, anamuua Sukhilala na kumteka binti yake. Mama mtu anachukua bunduki na kumpiga mwanawe risasi, kwa kuwa binti wa kijiji ni heshima ya kijiji kizima.

Bibi hakuwa mtu wa kunong'ona. Nargis alipokuwa akivuta jembe kwenye tope, bibi alisema kwa sauti, ukumbi wote ukasikia, "Shamba la mwanamke linachukuliwaje na mwenye duka?" Kwetu ardhi hufuata tumbo la mama. Mume ndiye anayekuja kulima shamba la ukoo wa mkewe, na akiondoka, ardhi haiondoki naye. Kwa bibi, ile haikuwa habari ya umaskini, bali ya mwanamke aliyeporwa ukoo wake. Watu wakamwambia anyamaze. Akanyamaza hadi Birju alipoanza kuharibika, ndipo akaniuliza mimi, kama vile nilihusika, "Na mjomba wake yuko wapi? Mtoto anapotea hivi, mjomba wake yuko wapi?"

Watu wa mlimani waliokuwa karibu wakaanza kuitikia. Mmoja akasema mjomba wa kweli angekwisha kumwita kikao. Mwingine akasema Wahindi hawana habari ya mjomba, kwao ni baba tu. Mama mmoja wa Kihindi aliyeketi safu ya nyuma yetu, mtu mzima kama bibi, akauliza kwa Kiswahili chake kizuri, "Anasema nini huyu bibi?" Akaelezwa. Akainama mbele, akamgusa bibi begani, akamwambia, "Mama, hata mimi kila mara najiuliza, ndugu zake yule mwanamke wako wapi?" Wakati Nargis alipofyatua bunduki, wote wawili walikuwa wakilia, yule ameshika bega la huyu. Sijui walikutana tena wapi. Hawakuwa na mahali pengine ambapo wangekaa karibu kiasi kile.

Nimesoma mengi yaliyoandikwa kuhusu sinema za Kihindi Afrika Mashariki, na mara nyingi huelezwa kwamba tulizipenda kwa sababu zilifanana na maisha yetu. Ninachokumbuka mimi ni watu waliobishana nazo. Tulizipeleka barazani, tukawahukumu akina Radha kwa mila zetu, na ubishi ule ulipanda mlima pamoja nasi usiku, kurunzi moja watu kumi, hadi Towelo. Mwaka mzima bibi aliitumia kesi ya Birju kumsema kila mwanaume wa ukoo aliyetelekeza watoto wa dada yake.

Bruce Lee aliingia kwa mlango mwingine. Enter the Dragon ilitoka Agosti 1973, yeye mwenyewe akiwa ameshafariki mwezi mmoja kabla, nasi hatukuwa na habari. Likizo iliyofuata tulipoiona, migomba ya Towelo ilipata tabu sana kwa mateke yetu.

Kisha ikaja Sholay, mwishoni mwa miaka ya 70. Wakati huo nilikuwa nimeshazoeana na mwendesha mashine, nikawa napanda kile kijingazi hadi chumba chake. Nataka nikieleze chumba kile, maana waliokiona wanazidi kupungua. Kulikuwa na mashine mbili kubwa zimesimama bega kwa bega, kila moja na tundu lake la kioo linalotazama ukumbini. Taa haikuwa balbu. Ilikuwa vijiti viwili vya kaboni vilivyokaribiana ncha, umeme unaruka katikati yake kwa mwanga mweupe ambao ukiutazama kwa macho matupu unaona giza dakika nzima. Vijiti viliungua na kufupika, na fundi alivisogeza kidogokidogo, la sivyo picha iligeuka ya manjano ukutani. Vipande vilivyobaki alitupa sisi watoto. Tulibandua shaba iliyovivika nje, kisha tukaandikia kutani.

Roli ya kawaida ya futi elfu moja huchukua kama dakika kumi na moja. Sholay ni zaidi ya saa tatu. Piga hesabu mwenyewe masanduku mangapi mjomba aliyabeba. Roli ikikaribia mwisho, alama ndogo ya duara iliwaka kwenye pembe ya juu kulia ya picha. Hapo fundi aliwasha mashine ya pili. Ikija alama nyingine, alibadilisha, mkono mmoja ukifunga huku na mwingine ukifungua kule, na ukumbini mtu hakujua lolote. Mkanda ukikatika alikata ncha kwa mkasi, akakwangua upande mmoja kwa wembe, akapaka gundi, akabana, akapuliza, huku chini miluzi na kelele za "Rudisha hela zetu!" zikitikisa bati. Nilimhesabu fundi huyu kuwa msanii. Bado namhesabu hivyo.

Sasa katika Sholay, Amitabh Bachchan, yaani Jai, anakufa. Kwetu hilo halikuwahi kutokea. Stelingi hafi. Jai alipokata roho mikononi mwa rafiki yake, ukumbi ulikaa kimya, watu wanangoja afumbue macho. Picha ilipokwisha hakuna aliyeondoka. Wakaanza kugeuka nyuma na kulikodolea macho tundu letu. "Fundi! Roli moja umeiruka! Weka roli iliyobaki!" Ilibidi fundi ashuke, awaonyeshe kopo tupu la roli ya mwisho. Hata hivyo walikuwapo walioshikilia kwamba roli ya kufufuka kwake ilibaki Dar.

Miaka hiyohiyo vijana wa Afrika Kusini walianza kuonekana ukumbini. ANC ilikuwa imepewa ardhi Mazimbu, na shule ya Solomon Mahlangu ilianza pale 1978. Mmoja wao alikaa karibu nami siku moja, akatazama huku na huku kwa muda mrefu kabla picha haijaanza. Aliniambia kwao mtu mweusi hakai ukumbi mmoja na mzungu au Mhindi, na kwamba alikuwa akiutazama ukumbi kwanza, picha baadaye. Mimi niliyekulia pale sikuwahi kuona kwamba kulikuwa na kitu cha kutazama.

Hulaumiwa video kwamba iliua sinema. Nilikuwapo, na naona lawama hiyo imeelekezwa pasipo pake. Majumba yalianza kudhoofika kabla. Mwaka 1971 serikali ilitwaa majengo mengi yaliyozidi thamani ya shilingi laki moja, na familia nyingi za Kihindi zilizojua biashara ya sinema ziliondoka nchini. Tanzania Film Company, shirika la umma lililoundwa 1968, lilibeba kazi ya kuingiza na kusambaza filamu, na fedha za kigeni zilipokauka baada ya vita vya Kagera, hapakuwa na za kununulia picha mpya, kaboni wala vipuri. Kodi ya burudani ilibaki palepale. Picha zilitufikia zimechoka, zimejaa mikwaruzo inayonyesha kama mvua kwenye skrini, zimeungwa mara nyingi hata nyimbo zinaruka. Wakati Mzee Mwinyi alipofungua milango baada ya 1985 na video zikaingia, zilikuta mgonjwa yuko kitandani tayari. Televisheni za bara zilipoanza 1994, kulikuwa na kidogo sana cha kuua.

Kilichokuja badala yake mitaani kwetu ni kibanda umiza: mabenchi, turubai, televisheni moja kwenye kona, joto, vijana wa kiume watupu. Siwachukii waliovianzisha, walitafuta riziki na wakawapa watu burudani. Lakini mama yangu hakuwahi kuingia kibanda umiza, wala yule mama wa Kihindi, wala mkata mkonge na mkewe. Leo kila mtu ana skrini yake mfukoni, na bibi mwenye swali kama lile la Birju hana wa kumjibu.

Unguja na Dar zimepata wa kuziandika. Mwanahistoria Laura Fair alitoa kitabu kizima 2018 kuhusu watazamaji na wenye majumba ya sinema wa Tanzania, na amewasikiliza wengi. Habari za kwetu, sehemu kubwa, ziko vichwani mwa wazee wa Mji Mpya, Kichangani na vijiji vya mlimani, na wazee hawa tunawazika kila mwaka. Kama nyumbani kwenu kuna aliyekata tiketi, aliyechora mabango au aliyeendesha mashine, mkalishe chini wiki hii, washa simu umrekodi. Muulize jina lake kamili, mwaka alioanza kazi, na aliyemfundisha. Kama una kipande cha tiketi au picha ya ndani ya ukumbi, andika nyuma yake mahali na mwaka, kisha ipige nakala kabla mchwa hawajaifikia.